Simu kongwe za ofisi na mfumo wa intaneti: kipi kihame, kipi kibaki

Ofisi nyingi ndogo za Waafrika Mashariki walioko Marekani, ziwe za wakalimani, za kujaza fomu za kodi, za tiketi za ndege au za kuwasaidia wakimbizi wapya, zilianza kazi zikiwa na laini moja au mbili za simu ya kawaida, ile inayoingia kwa waya wa shaba kutoka mtaani. Laini hizo sasa zinaondoka. Kampuni ya AT&T, ambayo ndiyo mrithi wa kampuni za zamani za simu katika miji ya Columbus na Louisville, ilitangaza Desemba 2024 kwamba inakusudia kuachana na mtandao wake wa shaba karibu kote inakohudumu, isipokuwa jimbo la California, ifikapo mwisho wa mwaka 2029. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imeziondolea kampuni kubwa wajibu wa kuwauzia washindani wao laini za shaba kwa bei iliyodhibitiwa, na kipindi cha mpito kikamalizika Agosti 2022.

Marekani haiko peke yake katika njia hiyo. Huko Uingereza, mtandao wa zamani wa simu ulipangwa kuzimwa Desemba 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 31, 2027, na moja ya sababu ilikuwa hofu juu ya wazee na wagonjwa wanaotegemea vifaa vya kuitia msaada vilivyounganishwa na laini hizo za shaba.

Swali linaloulizwa na wenye ofisi ni hili: je, simu zenyewe, zile za mezani zenye waya, ile isiyo na waya ya dada wa mapokezi, mashine ya faksi na kengele ya mlangoni, vyote vitupwe? Jibu ni hapana. Vingi vinaweza kuunganishwa na mfumo wa simu za intaneti kwa kifaa kidogo ambacho bei yake ni makumi ya dola, wala si mamia. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba kifaa hicho huhamisha sauti tu. Umeme, anwani na usalama, mambo matatu ambayo laini ya shaba ilikuwa ikija nayo bila mtu kuyafikiria, hayahami yenyewe. Ofisi isiyoyashughulikia itabaki na simu inayolia vizuri kila siku, isipokuwa siku ile inapohitajika kuliko zote.

Ofisi ya mfano

Ili maelezo yetu yaeleweke, tuchukue ofisi ya kubuni. Tuseme iko Gahanna, mji mdogo wenye wakazi wapatao 35,000 ulio kaskazini mashariki mwa Columbus, karibu na uwanja wa ndege wa John Glenn. Kazi yake ni kuwatafutia wakalimani wa Kiswahili watu wanaokwenda hospitali, mahakamani na shuleni. Ina tawi Louisville, Kentucky, na jingine Buffalo, New York, kwa kuwa miji yote hiyo imepokea Wakongo wengi, pamoja na Wabantu wa Somalia ambao wengi wao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya.

Ofisi hiyo imenunua mfumo wa simu za intaneti kwa sababu inayoeleweka. Mfumo mmoja unaweza kuyaunganisha matawi yote matatu kana kwamba yako katika jengo moja. Mhudumu wa Gahanna anabonyeza namba tatu tu na simu inalia Buffalo, bila malipo ya simu ya mbali. Mteja akipiga usiku, simu inaweza kupelekwa kwa mkalimani wa zamu popote alipo. Lakini Gahanna bado kuna simu mbili za analogi za mezani, simu moja isiyo na waya, faksi, simu ya mlangoni, na waya wa king'ora cha moto. Louisville na Buffalo kuna vifaa vya namna hiyo pia.

Kijisanduku na kazi yake

Simu ya analogi haijui chochote kuhusu intaneti. Inachotaka ni waya wenye umeme mdogo wa moja kwa moja, takriban volti 48, na mlio wa laini mtu anapoinua mkono wa simu. Ili kengele yake ilie, inahitaji kupelekewa umeme wa mawimbi wa karibu volti 90, ambao Marekani hutetema mara 20 kwa sekunde. Yote hayo zamani yalifanywa na kituo cha simu cha mtaa. Katika mfumo mpya yanafanywa na adapta ya simu za analogi, ambayo mafundi huiita kwa kifupi ATA.

Adapta hiyo ni kisanduku cha ukubwa wa kiganja. Upande mmoja kina tundu la waya wa mtandao unaokwenda kwenye ruta, upande mwingine kina tundu moja au mawili ya waya wa simu. Ndani yake sauti ya mzungumzaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8, na jumla yake huwa kilobiti 64 kwa sekunde. Vipimo hivyo hufungwa katika vifurushi, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kupelekwa kwenye intaneti. Ukiongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila kifurushi, simu moja hutumia karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Hicho ni kiasi kidogo kwa intaneti ya leo, lakini lazima kipite bila kusubirishwa.

Lugha ambayo adapta hutumia kujitambulisha kwenye mfumo na kuanzisha simu inaitwa SIP, na kanuni zake zinazotumika hadi leo zilitolewa mwaka 2002. Kwa kuwa lugha hiyo ni ya wote, adapta ya kampuni moja inaweza kuzungumza na mfumo wa kampuni nyingine. Kuna hata programu ya swichibodi isiyolipiwa, Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kijana Mmarekani, Mark Spencer, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Alabama. Alikuwa na kampuni changa isiyo na uwezo wa kununua swichibodi ya ofisi, basi akaamua kuiandika yake mwenyewe. Mifumo mingi ya bei nafuu inayouzwa kwa ofisi ndogo ina chimbuko lake hapo.

Matundu mawili yasiyofanana

Kosa linalowakwamisha wengi wakati wa kununua ni kutotofautisha aina mbili za matundu ambazo kwa macho zinafanana kabisa. Tundu linaloitwa FXS ndilo linalotoa umeme na mlio wa laini. Hapo ndipo simu au faksi inapochomekwa. Tundu linaloitwa FXO linapokea umeme na mlio kutoka nje. Hapo ndipo laini ya shaba ya kampuni ya simu inapochomekwa, kama ofisi imeamua kubakiza laini moja na kuileta ndani ya mfumo mpya. Kwa ufupi, FXS ni ya simu na FXO ni ya laini. Mwenye simu tano za kuunganisha anahitaji matundu matano ya FXS, na yapo masanduku makubwa zaidi yenye matundu 4, 8 au 24 kwa majengo yenye vyumba vingi.

Tundu moja la FXS linaweza kubeba zaidi ya simu moja, lakini nguvu yake ya kuliza kengele ina mpaka. Simu za zamani zenye kengele ya chuma hula nguvu nyingi kuliko zile za kielektroniki. Ikiwa simu tatu zimefungwa kwenye tundu moja na zote zinalia kwa unyonge au hazilii kabisa, mara nyingi tatizo ni hilo, wala si intaneti.

Jambo la hatari zaidi ni nyaya zilizomo ukutani. Baadhi ya watu hupenda kuchomeka adapta kwenye tundu la simu la ukutani ili simu za vyumba vyote zipate laini kwa mara moja. Inawezekana, lakini kwanza nyaya za jengo lazima zitenganishwe na waya wa kampuni ya simu kwenye kile kisanduku cha nje ya jengo. Laini ya shaba ikiwa bado hai, umeme wake utakutana na umeme wa adapta na kuiunguza adapta. Katika jengo la kupanga, kazi hiyo ifanywe kwa ruhusa ya mwenye jengo.

Utaratibu wa kuhamia

Hatua ya kwanza haihusu vifaa hata kidogo. Ni kuihamisha namba. Namba ambayo wateja wameizoea kwa miaka, iliyoandikwa kwenye kadi za miadi na kubandikwa kwenye milango ya friji za familia, inaweza kuhamishiwa kwa mtoa huduma mpya. Lakini laini ya zamani isikatwe kabla uhamisho haujakamilika. Aliyekata mapema anaweza kuipoteza namba hiyo, na kuirejesha ni kazi ngumu.

Baada ya hapo, kila kifaa cha analogi hupewa namba yake ya ndani kwenye mfumo, jina la kujitambulisha na neno la siri. Mambo hayo huingizwa kwenye adapta kupitia ukurasa wake wa mipangilio, ambao hufunguliwa kwenye kompyuta iliyo katika mtandao ule ule wa ofisi. Taa ya adapta ikionyesha kuwa imetambuliwa, mtu huinua simu, husikia mlio wa laini, na hupiga namba ya mwenzake wa Louisville.

Fundi makini hufanya majaribio manne kabla ya kuondoka. Anapiga simu ya nje na kusikiliza kama kuna mwangwi. Anapigiwa na kuangalia kama namba ya mpigaji inaonekana. Anapiga namba yenye sauti ya kurekodiwa, kama vile ya benki, na kubonyeza tarakimu ili aone kama zinapokelewa. Mwisho anaacha simu ikiwa wazi kwa dakika 20, kwa sababu baadhi ya ruta hufunga njia baada ya muda na mazungumzo yakakatika katikati.

Jaribio la tatu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Milio ya vitufe, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963, haisafiri vizuri sauti inapobanwa. Hivyo adapta huagizwa izitume tarakimu kando ya sauti, zikiwa taarifa maalumu. Mpangilio huo usipolingana katika pande zote mbili, mteja atabonyeza 2 kwa Kiswahili na mashine haitasikia kitu. Ama simu za kale za kuzungusha kidole, adapta nyingi hazizielewi kabisa. Ni chache tu zinazozitambua.

Sauti ya mkalimani

Kwa ofisi ya ukalimani, ubora wa sauti ndiyo kazi yenyewe. Daktari anapouliza kama maumivu ni ya tumbo la juu au la chini, na mgonjwa akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu, silabi moja iliyomezwa inaweza kubadilisha dawa. Wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wanapendekeza kwamba muda wa sauti kusafiri kutoka mdomo hadi sikio usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mazuri. Kati ya Gahanna na Buffalo hilo si tatizo. Kati ya Gahanna na Goma ni kibarua.

Kuna njia ya kuibana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde, na ilipendwa sana zamani wakati intaneti ilipokuwa haba. Leo, kwa ofisi yenye intaneti nzuri, hakuna sababu ya kuibana. Lililo muhimu zaidi ni kuiagiza ruta ivipe vifurushi vya sauti kipaumbele, ili mtu anayepakia picha au kutazama video chumba cha pili asikate maneno ya mkalimani. Simu isiyo na waya nayo iwekwe mbali na ruta, kwa kuwa baadhi ya simu hizo hutumia masafa yale yale ya mtandao wa waya hewa na huleta mikwaruzo.

Faksi haitaki haraka

Wengi hudhani faksi imekufa. Katika zahanati, ofisi za mawakili na idara za serikali za Marekani bado inatumika, na ofisi inayoshughulika na rekodi za wagonjwa au maombi ya hifadhi hukutana nayo mara kwa mara. Kwa bahati mbaya, faksi ndiyo kifaa kinachosumbua zaidi kwenye simu za intaneti. Binadamu akikosa kusikia nusu ya silabi hukisia; mashine ya faksi haikisii, hukata laini.

Yapo mambo matatu yanayosaidia. Kwanza, sauti isibanwe kabisa kwenye tundu la faksi. Pili, mwendo wa faksi upunguzwe kutoka biti 14,400 hadi 9,600 kwa sekunde. Tatu, itumike kanuni ya T.38, iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kupitisha faksi kwenye intaneti, mradi adapta na mtoa huduma wote wawili wanaikubali. Kama baada ya hayo kurasa bado zinakatika, ni heri kutumia huduma ya faksi ya mtandaoni kuliko kupoteza hati ya mteja yenye tarehe ya mwisho.

Siku umeme unapokatika

Sasa tunafikia jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa maandishi madogo. Laini ya shaba ilibeba umeme wake kutoka kituo cha simu, ambacho kina betri na jenereta. Ndiyo maana nyumba ingeweza kuwa gizani lakini simu ya mezani ikawa hai. Adapta haina sifa hiyo. Umeme wa ofisi ukikatika, adapta inazima, ruta inazima, na simu ile ile iliyokuwa ikifanya kazi gizani kwa miaka inakuwa kopo tupu.

Hili si jambo la kufikirika katika miji tunayoizungumzia. Mwezi Oktoba 2006, theluji ya mapema iliangukia miti ya Buffalo ikiwa bado na majani, matawi yakaangusha nyaya, na wateja wapatao laki nne wakakosa umeme. Tarehe 14 Septemba 2008, upepo uliobaki wa kimbunga Ike ulipita Louisville na Columbus siku moja na kuwaacha maelfu kwa maelfu gizani. Louisville peke yake walikuwa takriban laki tatu. Januari 2009, barafu ilikata umeme kwa wateja zaidi ya laki saba katika jimbo la Kentucky. Na katika Krismasi ya mwaka 2022, dhoruba ya theluji iliyoipiga Buffalo na vitongoji vyake iliua zaidi ya watu 40, huku magari ya kuokoa watu yakishindwa kufika sehemu nyingi.

Katika siku kama hizo, namba ya ofisi inayozungumza Kiswahili ndiyo ambayo mama mpya kutoka Uvira anaikumbuka. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa baada ya adapta kiwe betri ya akiba, maarufu kama UPS. Iunganishwe na vifaa vitatu kwa pamoja: kisanduku cha intaneti, ruta na adapta. Ukisahau kimoja, viwili vilivyobaki havina kazi. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 ina takriban wati-saa 84. Vifaa hivyo vitatu vikila wati 25, kwa hesabu betri ingedumu zaidi ya saa tatu. Kwa vitendo, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea katika ugeuzaji, afadhali mtu ahesabu nusu ya hapo.

Jambo la pili halina gharama kubwa. Mtoa huduma aagizwe kwamba, pale ofisi isipopatikana, simu zote zihamishiwe moja kwa moja kwenye simu ya mkononi ya mtu aliyeteuliwa, ikiwezekana wa tawi lililo jimbo jingine. Buffalo ikizama kwenye theluji, Louisville ipokee. Hilo laini ya shaba isingeliweza kwa urahisi, na hapa mfumo mpya unaushinda wa zamani.

Ambulensi ije wapi?

Jambo jingine ni 911. Laini ya shaba ilifungwa kwenye jengo, kwa hiyo aliyepiga 911 alijulikana alipo hata kama hakuweza kusema. Adapta inaweza kubebwa mfukoni kutoka Gahanna na kuchomekwa Louisville, na itaendelea kujitambulisha kwa namba ile ile ya Ohio. Mtu akianguka Louisville na mwenzake akapiga 911 kwa Kiingereza cha kubabaisha, msaada unaweza kutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa Gahanna, zaidi ya kilomita 300 kutoka alipo mgonjwa.

FCC iliamuru tangu mwaka 2005 kwamba kampuni za simu za intaneti zilizounganishwa na mtandao wa kawaida zitoe huduma ya 911 pamoja na anwani ya mteja. Lakini anwani hiyo ni ile ambayo mteja ameisajili. Hivyo kila namba ya kila tawi isajiliwe na anwani yake, ghorofa na chumba, na ibadilishwe siku ile ile ofisi inapohama. Watoa huduma wengi wana namba ya majaribio, 933, inayomsomea mpigaji anwani iliyosajiliwa bila kuisumbua polisi.

Pia kuna sheria inayoitwa Sheria ya Kari. Desemba 2013, mwanamke mmoja aliuawa katika chumba cha hoteli huko Marshall, Texas. Binti yake wa miaka tisa alijaribu kupiga 911 mara nne bila kufanikiwa, kwa sababu simu ya hoteli ilitaka kwanza kubonyezwa 9 ili kupata laini ya nje. Sheria yenye jina la mama huyo ilitiwa saini Februari 2018, na mifumo iliyowekwa baada ya Februari 16, 2020 lazima iruhusu 911 ipigwe moja kwa moja. Anayeunganisha simu za analogi ahakikishe kuwa mpangilio wa adapta hauongezi wala kudai tarakimu yoyote kabla ya namba hiyo.

Wezi wasiovunja mlango

Laini ya shaba iliibwa kwa kukata waya. Mfumo wa intaneti huibwa kwa neno la siri. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta mifumo ya SIP iliyo wazi na kujaribu maneno ya siri mepesi. Zikifanikiwa, kwa kawaida usiku wa Ijumaa au siku ya sikukuu, hupiga simu nyingi mfululizo kwenda namba za kigeni zenye malipo makubwa, na wahalifu hugawana mapato hayo. Ofisi hufungua Jumatatu ikiwa na deni la maelfu ya dola.

Kinga yake inajulikana. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Ukurasa wa mipangilio wa adapta usifikike kutoka nje ya ofisi. Simu za kimataifa zifungwe zote, kisha zifunguliwe nchi zinazohitajika tu, kwa mfano 243 ya Kongo, 254 ya Kenya, 255 ya Tanzania na 256 ya Uganda. Na mtoa huduma aombwe kuweka kikomo cha malipo kwa siku.

Na kule nyumbani?

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wanaweza kusema kuwa haya ni ya Marekani. Si hivyo. Huko nyumbani waya wa shaba ulianza kutoweka mapema zaidi, kwa kuibwa na kwa kushindwa na simu za mkononi. Kampuni za simu za serikali zilikuwa na haki ya peke yake, Telkom ya Kenya hadi mwaka 2004 na TTCL ya Tanzania hadi mwaka 2005. Kisha nyaya za baharini zikafika, kuanzia SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na simu za intaneti zikaacha kutegemea setilaiti zilizochelewesha sauti kiasi cha watu kukatizana maneno.

Hata hivyo, katika hoteli, hospitali na shule nyingi bado kuna swichibodi za zamani zenye simu za analogi vyumbani. Kwa majengo hayo, sanduku la matundu 24 linaweza kuokoa gharama ya kununua simu mpya kwa kila chumba na kupitisha nyaya upya. Na somo la umeme linawahusu zaidi wao, ambao hawahitaji kusubiri dhoruba ili taa zizimike.

Kipi kihame, kipi kibaki

Kwa ofisi yetu ya mfano ya Gahanna, tunaona hivi. Simu za mezani na ile isiyo na waya zihame bila wasiwasi. Simu ya mlangoni ihame baada ya kujaribiwa, kwa kuwa hufungua mlango kwa mlio wa kitufe. Faksi ihame kwa majaribio ya wiki kadhaa. King'ora cha moto, na simu ya dharura ya lifti kama jengo linayo, visiguswe kabla kampuni inayosimamia king'ora na mkaguzi wa zimamoto wa mji hawajakubali kwa maandishi. Mara nyingi vifaa hivyo huwekewa kifaa maalumu cha mtandao wa simu za mkononi chenye betri yake.

Kazi ikikamilika, pachaguliwe asubuhi moja tulivu na wafanyakazi wote waambiwe. Swichi kuu ya umeme izimwe kwa dakika kumi. Mtu mmoja ainue simu kongwe ya mapokezi na kusikiliza kama mlio wa laini upo, kisha apige 933 na kusikiliza anwani inayosomwa. Mlio ukiwepo na anwani ikiwa sahihi, laini ya shaba inaweza kukatwa. Kama sivyo, ibaki kwanza hadi kasoro irekebishwe.